Leja Nne

Benki inataka picha: mistari minne, rangi nne,
mwaka juzi ubavuni mwa mwaka jana,
ili ijue ni tanuri lipi la kilima chetu, hapa Kutaisi,
linalostahili mkopo.
Nimezipanga leja mezani.
Ya Nugzari ina unga kwenye mshono wa kurasa,
ya Ketino ina duara la kikombe,
ya Tsiala imefungwa kwa kamba ya kiatu.
Ya Gocha haina doa,
nami sijawahi kuiamini leja isiyo na doa.

Nugzari alikuja mwenyewe, kofia mkononi, kifua mbele.
Lari elfu sabini na mbili zimekuwa elfu themanini na moja.
"Lamara, andika kwa herufi kubwa!"
Nikaandika. Kisha nikagawa,
maana mkate wake ulikuwa lari moja
na sasa ni lari moja na robo.
Kikokotoo hakina haya:
mikate elfu saba na mia mbili imepungua.
Kibaba kimejaa, ndiyo,
ila kibaba chenyewe kimekatwa mdomo.
Mikate ishirini, kila siku ya kazi.
Ni nani hao ishirini
waliokuwa wakisimama mlangoni pake alfajiri
na sasa hawasimami?
Simjui hata mmoja. Au namjua, na ananificha.

Gocha amepanda asilimia mia nne.
Mstari wake umesimama kama mnara wa kanisa,
meneja wa benki atauchungulia na kuvua miwani.
Lakini mwaka juzi Gocha alifungua Oktoba,
miezi mitatu tu, lari elfu sita.
Mikate elfu mbili kwa mwezi wakati ule.
Mikate elfu mbili kwa mwezi sasa.
Mia nne nzima, na hakuna mkate hata mmoja ndani yake.

Tsiala ndiye aliyeshuka.
Elfu sitini, kisha arobaini na nane.
Hakupandisha bei; alisema kupandisha bei kunataka moyo,
na moyo wake ulikuwa Tbilisi, wodi ya pili,
siku thelathini na mbili kando ya kitanda cha Valiko,
kisha siku arobaini za msiba.
Tanuri likalala baridi siku sabini na mbili.
Nikazitoa hizo, nikagawa upya:
kila siku aliyowasha moto
ameuza mia moja sitini na sita na ushei,
ileile ya mwaka juzi, hata ushei ni uleule.
Kila siku ameinama mpaka kiunoni
akibandika madonge kwenye ukuta wa udongo,
kama mtu anayetafuta ndoo iliyodondokea kisimani.
Haikupungua hata inama moja.

Ketino yuko ng'ambo ya barabara.
Mapato yake yameruka toka hamsini na nne hadi sabini na tano,
bei mpya, sawa, lakini pia mikate elfu sita ya ziada.
Najua ilikotoka.
Tsiala alikosa elfu kumi na mbili,
nusu ilivuka barabara.
Nusu nyingine sijui ililiwa wapi, au kama ililiwa.

Hapo nilipofika nikaweka kalamu chini,
kwa sababu asubuhi zile sabini na mbili
mimi nami nilivuka.
Mkate mmoja, lari moja na robo.
Lari tisini za mwinuko wa Ketino ni zangu,
nimezikuta zimekaa kwenye safu yake, kimya,
na mimi ndiye mkaguzi.

Fomu ya benki ina kisanduku cha asilimia,
haina cha maelezo.
Wa kwanza Gocha. Wa mwisho Tsiala.
Nimeyaandika mengine kwa penseli, nyuma ya karatasi,
mahali ambapo mashine yao ya kunakili haifiki.

Jioni alikuja kuchukua leja yake,
akaifunga tena kwa kamba, fundo mbili.
"Nimeshuka, siyo?"
Nikamwambia: "Ulifunga."
Akatazama dirishani, upande wa Ketino.
"Chumvi yake," akasema, "huwa anaizidisha.
Hukuiona?"